Mama, Hali: Wazi

3 Machi

Wifi yangu Bosi,

Usishtuke. Nimefungua kasoro mpya kwenye orodha yetu na nimeiita "Mama". Lebo: haraka. Hali: wazi. Najua orodha ile ni ya matatizo ya mfumo wa maduka ya dawa, na mteja anatulipa tutafute wadudu, yaani makosa ya programu, hatulipi tuandike habari za ukoo. Lakini wewe na mimi kwenye simu hatuwezani. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka mama akatoka chumbani kuuliza nani amefariki. Si tulikubaliana? Mambo ya mama tutayaandika, maana mkono una breki, mdomo hauna.

Basi nayaandika hapahapa kwenye kidirisha cheusi cha kompyuta, ninakoshinda kutwa. Raha yake ni kwamba hizi kasoro zinakaa hifadhi moja na msimbo wetu, maandishi yenyewe ya programu. Hakuna tovuti ya kufungua wala nywila ya kusahau. Naandika mezani kwa mama bila mtandao, jioni napita kwa dada wa fotokopi, nasukuma, yaani natuma, na wewe unavuta, unapokea huko kwako. Wifi anayehangaika kutafuta waifai ndiye mimi. Cheka basi.

Sasa mama. Mama yako aliacha ukunga zamani, ila ukunga haujamwacha. Jana mchana nimemkuta getini na gauni la kulalia, kapu mkononi, ndani ya kapu taulo na mkasi. Eti kuna mtu ana uchungu anamsubiri. Nikamwambia mama, hakuna mtu. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe Chiriku hujazaa, unajua nini?" Ikabidi nijilaze kwenye kochi, nishike tumbo, nijifungue. Nikamwambia ni mtoto wa kike, mnene, analia vizuri. Ndipo akavua viatu, akaniagiza ninywe kitu cha moto.

Kaka yako, yaani huyu mume wangu, yupo na lori lake. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Simlaumu. Hata kulaumu nako kunataka nguvu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Nilimpeleka kliniki, na daktari, mama mmoja mpole, akanivuta pembeni. Akasema kama mama ana mtoto aliye mbali, aje sasa, wakati bado anamjua. Hakusema aje kuuguza wala aje kusaidia. Alisema aje wakati bado anamjua. Nimekuandikia kama alivyolitamka. Na wewe bado anakujua, Bosi. Kila asubuhi ananiuliza kwa jina lako la nyumbani, "Kibibi ameamka?"

Njoo.

Kuhusu kazi: nimempata yule mdudu. Kila mteja mwenye ng' kwenye jina lake mfumo unamruka, hakumbushwi dawa. Kile kialama cha juu programu inakidhania ndio mwisho wa jina. Ikikutana na ng'ombe, inasoma ng, inaanguka hapohapo. Waliotunga lugha hizi za kompyuta nadhani hawakufuga.

Wifi yako mchovu,
Chiriku


6 Machi

Chiriku,

Nimevuta, nimesoma. Nilicheka uliposema umejifungua, halafu nikaenda kulia chooni, maana ofisini kwetu hakuna pengine pa kulilia. Hongera ya mtoto.

Nitakuja. Sisemi hivi kukutuliza. Maduka ya dawa yanahamia toleo jipya mwisho wa mwezi na mimi ndiye nimeshika funguo zote. Nikitoka leo, kuna watu wa presha na sukari hawatakumbushwa dawa zao, na si wale wa ng' peke yao. Mwisho wa mwezi nakabidhi kazi, nafunga begi, nakuja kukaa. Mwambie mama hivyo. Mwambie Kibibi anakuja.

Lakini tupatane kitu. Ukiona hali imegeuka, usisubiri huo mwisho wa mwezi. Niandikie tena lile neno: njoo. Nikiliona mara ya pili nitajua si la kubembeleza. Nitaacha kila kitu, hata mfumo uanguke uvunjike shingo. Nisipoliona nitajua mambo yanakwenda, nitaendelea na kazi.

Huyo mdudu wa ng' mmalizie wewe, ndiye uliyemwona. Ukimtengeneza sukuma, nitaangalia.

Kompyuta yangu imeanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Imechoka kama mwenye nayo. Ofisi wamesema wataniletea nyingine. Nakushukuru, wifi. Sijui kusema haya mambo vizuri, unanijua. Nakushukuru.

Bosi


14 Machi

Bosi,

Njoo.

Nimeandika kama tulivyopatana. Sasa nikueleze.

Kaka yako alipita jana. Akaingia na mfuko wa machungwa, akamsalimia mama shikamoo. Mama akaitikia marahaba vizuri kabisa, akamwonyesha kiti, kisha akamwuliza kama amekuja kutengeneza bomba la jikoni. Kaka yako akadhani ni utani. Akasema mama, ni mimi. Mama akasema, "Ndiyo baba, nakuona, bomba liko kule." Mwanawe wa kwanza, Bosi. Aliyemzaa akiwa mwenyewe ni mkunga, akamwambia mwenzake jinsi ya kumpokea.

Unajua alifanya nini mwanaume yule? Alikwenda jikoni akalitengeneza bomba. Lilikuwa halina ubaya wowote. Alilifungua, akalifunga, akaja kumwambia tayari. Halafu akaenda kukaa ndani ya lori, hakuliwasha. Nilimwona dirishani, na sikutoka kwenda kumwita. 

Wewe bado umo. Leo asubuhi alinisimulia ulivyokuwa unakataa kuvaa viatu, ukienda shule unavificha kwenye kichaka. Alicheka mpaka akakohoa. Umo kichwani mwake mzima mzima, na viatu vyako. Lakini kaka yako naye wiki iliyopita alikuwemo.

Sitaki uje uniokoe mimi. Mimi nitakwenda kulala popote. Njoo uliwahi lako, kabla halijatoka kichwani mwake.

Mdudu wa ng' nimemrekebisha nusu. Sasa hivi jina linasomeka lakini risiti inachapa ng mara mbili. Nimesukuma nilipofikia.

Chiriku


17 Machi

Chiriku,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwenye kompyuta mpya. Vitufe vigumu, naandika kama napiga misumari. Ile ya zamani wameichukua; mafaili wamenihamishia, ila vijiamri vyangu vyote vya mkato nilivyojitengenezea vimeondoka nayo. Sasa kila amri naiandika kwa kirefu kama mwanafunzi.

Nimevuta leo, nimeona kazi yako ya ng'. Nzuri. Risiti nitaitengeneza mimi, lala. Ila kwenye "Mama" hakuna kipya tangu barua yangu. Basi nimeshukuru. Lile neno hukuliandika, kumbe mambo yanakwenda.

Nilikuwa na wasiwasi, sikufichi. Nimeanza kuota harufu ya sabuni aliyokuwa akinawia akirudi kuzalisha. Watu wanaota picha, mimi naota sabuni. Nikiamka nataka kupiga simu, nakumbuka tulivyogombana mara ya mwisho, naiacha. Nilikwambia kwamba unamlisha mama kama mfungwa. Sikuwa na haki ya kusema vile. Mimi ni nani, nisiyemlisha kabisa?

Mwambie mama habari ya viatu vyangu. Siku hizi navivaa.

Bosi


22 Machi

Wewe Bosi,

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huu wako hauna hata mshindo. Kimya tupu.

Nimekaa nikasema labda anaumwa. Nikavuta. Ala! Rekebisho la risiti limeingia, jina lako juu yake. Nikavuta tena kesho yake, rekebisho jingine. Sawa, mzima. Mikono yako naiona inavyofanya kazi kila siku, mdomo ndio siuoni. Nilikuandikia neno tulilopatana. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema ukiliona utaacha kila kitu hata mfumo uvunjike shingo. Naona mfumo shingo yake nzima.

Jana nilishika simu. Jina lako lilikuwa pale kwenye kioo, kidole changu juu yake. Nikajiuliza, mtu aliyesoma "njoo" akanyamaza, nikimpigia nitamwambia nini? Njoo? Nikaiweka. Na mimi nina heshima yangu, ingawa siku hizi imebaki kidogo, nyingine nimeifulia mashuka.

Ngoja nikwambie la leo, halafu ukae nalo. Nilikuwa naandika kazi, mama akaja kukaa karibu yangu. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia naongea na Kibibi. Akasogea, akaugusa huu mwandiko mweupe kwa kidole, polepole, kama anavyogusa mtoto mchanga utosini. "Kibibi anakaa humu?" Nikasema ndiyo mama, barua zake zinakuja humu. Akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akasema, "Kibibi. Umekula?"

Akasubiri. Akanigeukia, "Mbona hajibu?"

Nimjibu nini, Bosi? Niambie wewe, uliyesoma kuliko sisi.

Chiriku


27 Machi

Chiriku,

Sasa nimeelewa kwamba umenuna. Msimbo unasukuma, tena kila siku, na huniandikii hata salamu. Sawa. Nilistahili, kwa lile neno la mfungwa. Lakini nilikuomba radhi barua iliyopita na hata hilo umelipita kama hujaliona. Wifi, kununa kwako nilidhani ni kwa mdomo, sikujua na vidole vinanuna.

Nakuandikia jambo ambalo halitakupendeza. Meneja ameniita. Kuhama kwa maduka kumesogezwa mpaka katikati ya Aprili, na ameniomba nibaki mpaka hapo.  Nilijiambia, Chiriku angeniita kama ingekuwa lazima. Hakuniita. Nikasema sawa, nitabaki.

Ungeandika neno moja tu ningekataa, na nilikuwa tayari kukataa. Nilitoka pale nikavuta mara mbili, kuona kama limeingia. Ilikuja kazi yako ya ng', hakuna zaidi.

Nimechoka, Chiriku. Nimechoka na kazi ya kukumbusha watu dawa zao. Mama yangu mwenyewe simkumbushi kitu.

Mpe mkono wangu. Mwambie katikati ya Aprili, hakika.

Bosi


2 Aprili

Bosi,

Hii nafupisha, na sijui naandika kwa nini. Labda ili siku moja usiseme hukuambiwa.

Mama mdogo amekuja jana na mkoba wake, atakaa na dadake. Mimi nakwenda kwetu kwa mama yangu. Nimeishiwa. Juzi mama alikataa kuoga akanisukuma, nikaanguka kwenye ndoo, na pale chini nilipokaa nikagundua kwamba sitaki kuinuka. Siyo kwa kuumia. Nilikuwa sitaki tu. Nikajua nimefika mwisho.

Kabla ya kufungasha, leo asubuhi, nilimletea picha yako. Ile uliyopiga siku ya mahafali, umevaa joho na sura ya mtu anayedaiwa. Kila siku huwa anaipangusa kwa ncha ya kanga. Leo aliishika mbali na macho, akaisogeza, akaniuliza, "Binti huyu mzuri ni wa nani?"

Nikasema wako, mama. Huyu ni Kibibi.

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayetaniwa na mgeni. Akasema, "Mimi nina mtoto mmoja tu, Chiriku." Halafu akanishika mkono. Yaani mimi, mke wa mwanawe, ndiye nimebaki mtoto. Nilitaka kukuchukia wakati ule ikashindikana, maana nilikuwa nakulilia.

Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, nami nilidhani ni maneno ya kugawana urithi tu.

Naifunga kasoro hii. Haijatengenezwa, lakini hakuna anayeishughulikia.

Aliyekuwa wifi yako,
Chiriku


*Maelezo yaliyoambatana na rekebisho la msimbo, 3 Aprili:*

ng' imekamilika: jina, risiti na ujumbe. Nimejaribu na majina yote ya wateja. Hii ni kazi yangu ya mwisho kwa sasa. Bosi, kazi yangu unaipokea siku ileile na barua zangu hutaki kuzisoma. Mama hakujui tena. Nimekuandikia njoo tangu tarehe kumi na nne.
— Chiriku


3 Aprili

Chiriku, Chiriku,

Nimesoma maelezo ya rekebisho lako, maana hayo husafiri ndani ya msimbo. Barua gani? Njoo gani? Nilikaa nikayatazama maneno yale mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama kuna msiba.

Nimekupigia simu. Imezimwa. Nimepiga tena na tena. Imezimwa. Nimempigia kaka, yuko njiani, haipatikani. Ndiyo maana naandika, na mara hii nimehakikisha inatoka.

Sikiliza, nitakueleza upuuzi wenyewe. Kwenye kompyuta ya zamani nilikuwa na amri moja ya mkato, nimeiita "peleka". Ilisukuma msimbo, ikasukuma na kasoro, kisha ikavuta vyote viwili. Nimeitumia mpaka nikasahau kwamba ni safari mbili. Kasoro zinakaa hifadhi moja na msimbo, lakini zina amri yake ya kusafiri, haziendi mpaka uziambie. Unalijua hili. Nani alikufundisha? Mimi. Nilikwambia siku ya kwanza, "Wifi, usije ukasahau ya pili." Kwenye mashine mpya mimi mwenyewe nikawa nasukuma msimbo, navuta msimbo, naandika barua, nazihifadhi, naenda zangu nyumbani nimeridhika. Barua zangu mbili zimekaa hapa mezani kwangu muda wote huu. Na zako zimekaa kule njiani zikinisubiri nizivute.

Leo nimevuta. Zimeingia zote kwa mpigo. Ya kwanza juu yake: njoo.

Nilikuwa na likizo mkononi tarehe ile. Fomu ilikuwa imesainiwa, ilibaki kuandika siku. Ningekuwa hapo tarehe kumi na sita. Viatu vyangu vilikuwa bado vimo kichwani mwake.

Na ile ya tarehe ishirini na mbili. Nimeshindwa kuimaliza. Nimeisoma mpaka "umekula", nikatoka nje kwenye ngazi, nikarudi, nikasoma "mbona hajibu". Nimemjibu, Chiriku. Nimeongea peke yangu ofisini kama mwehu, watu wananiangalia. Nimesema ndiyo mama, nimekula.

Nimemwambia meneja naondoka kesho. Alianza kusema kuhusu maduka. Nikamwambia mfumo una watu wengine.

Nimeifungua tena kasoro uliyoifunga. Usinikasirikie kwa hilo.

Sikuomba radhi vizuri kwa lile la mfungwa. Utaisoma sasa, imo kwenye ya tarehe kumi na saba. Imechelewa, lakini niliiandika.

Bosi


5 Aprili

Wifi yangu,

Nimekaa kwetu siku mbili nimelala tu. Simu niliizima kwa makusudi. Leo nimefungua kompyuta nione kama ng' inaendelea vizuri, huwezi kuacha mtoto wako hata ukiwa umemkimbia. Nikavuta. Zikaingia zako tatu.

Nimekutukana kwa watu, Bosi. Nimemwambia mama yangu wewe huna utu. Nimemwambia na jirani yake, ambaye hata sikumjua. Leo nimezunguka kuyafuta matusi yale nyumba kwa nyumba. Mama yangu amesema, "Kumbe mnaandikiana kwa mashine ya watu wenye akili, halafu simu iko kwapani."  Mjibu wewe.

Sikulaumu kwa amri. Hata mimi niliona msimbo wako unakuja na barua haziji. Mtu wa kazi yetu angejiuliza mara moja: kwa nini hiki kinapita na kile hakipiti? Ingekuwa kasoro ya mteja ningeipata kabla chai haijapoa. Ya kwetu nikaiita roho mbaya. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekaa nayo hapa kifuani, sitakudanganya kwamba haiumi.

Sasa unakwenda. Mama mdogo atakupokea kisha atataka kurudi kwake, kwa hiyo sikiliza kwa makini, maana humjui mama wa sasa.

Usimwulize "unanijua?" Swali hilo linamtisha, anaanza kukunja vidole. Daktari alinikataza na mimi nakukataza. Akishika kapu usibishane naye, lala kwenye kochi ujifungue. Akikataa kuoga, mwambie wakunga wote wamenawa, amebaki yeye. Uji asipewe wa moto, hapulizi tena. Akianza kutembea huku na huku, tembea naye, atachoka kabla yako. Labda.

Sitarudi wiki hii, Bosi. Wala ijayo, nadhani. Hasira zimekwisha, ni uchovu tu, na ni mkubwa kuliko nilivyofikiri.  Ndoa yangu bado ipo, usiwe na hofu. Nataka tu kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita.

Niandikie alivyokupokea. Nitavuta kila jioni. Vyote viwili.

Chiriku wako


10 Aprili

Chiriku,

Mama mdogo amesharudi kwake. Tupo wawili tu. Nimeweka kompyuta mezani pale ulipokuwa unakaa, na nimejua kwa nini ulikuwa unalalamikia kiti hiki.

Nilifika asubuhi. Alikuwa amekaa mlangoni anakunja taulo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima: nitasimama, nitampa shikamoo, nitanyamaza, sitamwuliza kitu. Nimeshika masharti yako yote. Nikasema shikamoo mama. Akainua uso, na uso wote ukafunguka, Chiriku. Alifurahi kiasi kwamba nusu ya moyo wangu ikasema ananijua, daktari amekosea, wote mmekosea.

Akasema, "Chiriku! Umerudi. Nilijua utarudi tu."

Nilivumilia mpaka mchana, nikashindwa. Sikumwuliza kama ananijua. Nilimwambia tu, mama, ni mimi Kibibi. Akanikazia macho. Akaanza kukunja vidole kama ulivyosema. Akaangalia mlangoni, akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Chiriku yuko wapi? Mmemfanya nini?" Alikuwa ananiogopa. Mama yangu alikuwa ananiogopa mimi. Nikamwambia nakutania mama, ni mimi Chiriku. Akapumua. Akanipiga begani kidogo, "Huachi utani wako."

Sikurudia tena.

Sasa nakwambia la leo, halafu niondoke, maana uji unapoa. Nilikuwa nimekaa hapa natazama msimbo wako wa ng'. Akaja akavuta kiti. Akauliza naandika nini. Kwa hofu nikasema barua. Akafuta kioo kwa ncha ya kanga, nikadhani amesahau. Kisha akasema, "Una mwenzako mmoja unaandikiana naye humo. Yule msichana. Jina lake linanipotea."

Nikasema Kibibi.

"Eeh, huyo. Ni mtu wangu huyo, ila sikumbuki wa wapi." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Mwandikie. Mwambie mimi mzima, asije mbio. Mwambie ale kwanza. Wafanyakazi wale hawali."

Nikaandika mbele yake, herufi kwa herufi, akisimamia. Mimi mzima. Usije mbio. Ule kwanza. Akaniuliza kama imefika. Nikamwambia imefika, mama. Akauliza tena, una hakika? Nikasema nina hakika, ameisoma sasa hivi. Akaridhika, akaenda zake kwenye taulo.

Pumzika, Chiriku. Pumzika mpaka uchovu ukutoke. Na usihangaike kurudi kwa ajili yangu, maana hapa hujakosekana hata siku moja.

Ananiita. Ameita jina lako mara mbili sasa, na ya pili ina wasiwasi.

"Abee, mama. Nakuja."

Bosi